Mabomba Hayajui Kuhesabu

Casilda alinikaribisha kwao Toledo kwa maneno haya: "Njoo uone mji, we mtoto wa makaa ya mawe, usije ukafa hujui mji ni kitu gani." Ndiyo mazungumzo yake hayo. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja Madrid, tunasoma historia ya sanaa darasa moja, na mwaka mzima haikupita siku bila kunitania kuhusu kwetu Asturias, kule milimani kaskazini, eti kwetu ni mvua, ng'ombe na mashimo ya makaa, basi. Mimi nami si wa kunyamaza. Nilimwambia mji wao ni kaburi lililozungukwa na maduka ya visu. Tukicheka, tukila mkate wetu. Nilimpenda Casilda kama ndugu wa tumbo moja, na nalitanguliza hili ili mtu asije akadhani nilikuwa na kinyongo naye tangu zamani.

Nilifika asubuhi ya tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Bikira wa Sagrario. Jua la Toledo mwezi wa nane halina adabu. Saa nne tu za asubuhi, mawe ya barabarani yalikuwa yananichoma kupitia soli za kandambili. Casilda alinipeleka moja kwa moja kwenye ua wa kanisa kuu, ambako watu walikuwa wamepanga foleni kunywa maji kutoka mitungi midogo ya udongo yenye mdomo mwembamba wa kumiminia. Maji yale huchotwa kwenye tangi la kale lililo chini ya kanisa, na siku hiyo kila mtu lazima anywe, mzee kwa mtoto.

"Kunywa," Casilda akaniambia. "Maji ya Bikira hayo. Ukinywa, mwaka mzima hupatwi na baya."

Nikauinua mtungi nikautia mdomoni. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanipiga kwapani na upepeo wake. "We binti, mtungi haubusiwi. Unainua juu, maji yanakuja yenyewe." Nikainua juu. Maji yakaja yenyewe, yakaingia puani na kifuani, na foleni nzima ikaangua kicheko. Yalikuwa baridi, yana ladha ya udongo. Casilda alicheka mpaka akakaa chini.

Tukazunguka mji. Nilikuwa na orodha yangu kichwani kama mtalii mwingine yeyote: msikiti wa zamani, sinagogi la nguzo nyeupe, daraja, vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa nyumba ya huyu na nyumba ya yule. Ila kilichonishika zaidi ni sauti ya miguu. Kuna mahali ukikanyaga, chini panaitika, kama unatembea juu ya ngoma. Nikamuuliza Casilda chini ya mji wao kuna nini.

"Mji mwingine," akasema. "Sisi hapa ukipigilia msumari ukutani, Mrumi anapiga kelele."

"Na mkimpata huyo Mrumi?"

"Tunamwomba radhi, tunamfunika na sakafu." Akapunguza sauti japo kichochoro kilikuwa kitupu. "Watu wa Mambo ya Kale wakisikia umekuta shimo, kwisha habari yako. Wanakuja na brashi zao na kamba zao, kazi inasimama. Jirani yetu mmoja alikaa miaka anapikia ukumbini kwa sababu ya ukuta wa Waarabu uliotokeza jikoni. Kwa hiyo Toledo hatuulizani nani ana nini chini ya nyumba. Kila mtu anacho, na kila mtu hana."

Nilicheka. Nilidhani ni soga za wenyeji kumpa mgeni.

Nyumba ya kina Casilda ilikuwa ya kale sana, vyumba vimezunguka ua mdogo wa mawe, juu ya ua wametandika turubai la kukinga jua. Mama yake ni Bi Sagrario, na jina lake ni la Bikira yule yule, kwa hiyo sikukuu ile ilikuwa siku yake pia. Mlango uko wazi, yeyote anayemfahamu apite ampongeze. Alinikumbatia kabla hajaniuliza jina. "Umekonda, mwanangu. Huko Madrid mnakula nini, karatasi?" Baba yake, Evelio, alikuwa pande la mtu lisilo na maneno, mikono yake imejaa chokaa. Alikuwa anaigeuza sehemu ya chini ya nyumba kuwa vyumba vya wageni. Alikuwa ameacha kazi yake ya udereva kwa ajili ya vyumba hivyo, na kila alipovitaja alivitaja polepole, kama mtu anayemtaja mtoto wake wa mwisho.

Tulikula kware wa siki, tukala vitamu vya lozi vilivyonunuliwa kwa masista. Baada ya chakula wazazi wakatoka kwenda kuwasalimia jamaa, sisi tukaachwa tulale usingizi wa mchana. Mimi niliiacha simu yangu chumbani inachaji. Nilikuwa nimeshaanza kusinzia Casilda aliponivuta mguu.

"Unataka kuona kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chako cha watalii?"

Laiti ningesema sitaki.

Alinipeleka chumba cha kufulia, pembeni ya ua. Mashine ya kufulia ilikuwa imewekwa juu ya ubao wenye magurudumu. Akaisukuma kando kwa goti. Chini yake palikuwa na kizulia, chini ya kizulia kifuniko cha mbao nene chenye kishikio cha kamba. Akakiinua, baridi ikapanda usoni kwangu, na harufu ile ile niliyoinywa asubuhi kanisani.

"Baba alilikuta alipokuwa anachimba msingi," akasema. "Tangi la Waarabu. Hajui mtu, ni sisi watatu tu. Sasa wewe wa nne, na ukimwambia mtu nitakukata ulimi."

Akateremsha ngazi ya bati. Yeye mwenyewe hakushuka, eti anaogopa panya. Nikashuka mimi, mjukuu wa wachimba makaa, huku nikimzomea kwa woga wake. Alinimulikia na simu yake kutoka juu. Jamani, palikuwa pazuri. Chumba chembamba chenye matao mawili ya matofali yaliyobana chini kama kiatu cha farasi, kuta zimepakwa lipu nyekundu laini. Maji yalikuwa ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Katikati ya uzuri wote ule kulikuwa na bomba la chuma lililotoboa dari na kushuka ukutani, mdomo wake wazi usawa wa kifua changu.

"Na hili bomba?" nikauliza, nikalionyesha kwa kidole.

"Baba ndiye aliyeliweka. Maji ya uani na ya mapaa lazima yaende mahali, si ndiyo? Huko ndiko yalikokuwa yanaenda tangu enzi za Waarabu."

Nalikumbuka jibu hilo neno kwa neno. Nililikumbuka baadaye mara nyingi mno.

Nilikuwa naipapasa lipu ile nyekundu niliposikia mlango mkubwa wa mbele unafunguliwa. Juu, sura ya Casilda ikabadilika. Akageuza shingo, akasikiliza.

"Wamerudi," akanong'ona. "Wako na mtu." Kisha akashika mdomo. "Mungu wangu. Ni Bwana Amancio."

"Ndiyo nani?"

"Wa Mambo ya Kale. Yeye ndiye mkubwa wao. Kaja kumpongeza mama. Olaya, nyamaza. Dakika tano tu, nakuomba."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye ngazi. Aliivuta ngazi ikanitoka mkononi, bati likanikwaruza kiganja. Kifuniko kikashuka. Nikasikia kizulia kinatandikwa, kisha magurudumu ya mashine yakapita juu ya kichwa changu, yakasimama.

Giza la chini ya ardhi si giza la usiku. Usiku una nyota, una taa ya jirani, una mbwa. Lile lilikuwa giza la kugusa. Niliinua kiganja mbele ya macho, nikaona hakuna kiganja. Nikajiambia: Olaya, tulia, ni dakika tano, utakuja kucheka. Nikasimama na mgongo wangu ukutani, kwa sababu nilikuwa naogopa kuwa na nafasi tupu nyuma yangu.

Kumbe lile bomba lilikuwa linaleta sauti. Mdomo wake wa juu uko kwenye wavu wa chuma katikati ya ua, na meza yao ilikuwa hapo hapo. Niliweka sikio, nikawasikia kama niko chini ya meza.

"Keti, Bwana Amancio, keti. Evelio, mletee kiti chenye mgongo."

"Hongera kwa siku yako, Sagrario. Unazidi kuwa kijana, unatutia aibu sisi wazee."

"Acha uongo wako. Casilda, mwenzio yuko wapi? Mwamshe aje ale keki."

Kisha sauti ya Casilda, laini, kama haijaguswa na kitu. "Amelala mama. Jua limempiga, kichwa kinamuuma."

"Maskini. Watu wa milimani hao."

Wakacheka. Nami, hamtaamini, nikatabasamu gizani. Nilisema huyu msichana ni mwongo wa kuajiriwa. Nilikuwa bado upande wake. Bwana Amancio akamuuliza Evelio kazi ya chini inaendeleaje, kama hajakuta kitu. Evelio akajibu, "Mawe na panya." Nikasikia viti vinasogea, glasi zinagongana, na nikaelewa vizuri sana kilichokuwa juu ya meza ile: nikikohoa tu, vyumba vya Evelio vimekwisha. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi kwa baridi.

Ndipo ngurumo ikalia.

Agosti ya Toledo huwa hivyo. Joto linajazana siku nzima, jioni mbingu zinapasuka. Kwanza nilisikia matone juu ya turubai, tap, tap, na watu wakicheka na kuhamisha meza kuingia barazani. Kisha uzi mwembamba wa maji ukatoka kwenye bomba ukanilowesha sikio. Nikarudi nyuma. Uzi ukawa mkono. Mkono ukawa mtu mzima. Maji ya ua, maji ya mapaa manne, yote yakawa yanaporomoka mle nilimo kwa kishindo cha kuziba masikio.

Sijui kuogelea. Kijijini kwetu si pwani, kwetu ni milima na mashimo, na mto wetu ni wa mawe. Nilipoyasikia maji yamefika magotini, woga ulinishika tumboni kama mtu amenikamata utumbo akausokota. Sioni haya kusema. Niliogopa mpaka nikaanza kumwita mama yangu aliye mbali kule kwetu.

Katika mwanya wa mvua nikamsikia Bwana Amancio. "Acha nikimbie kabla haijazidi."

Na Bi Sagrario, mama mwema, mkarimu, akasema, "Unakimbilia wapi na mvua hii? Mgeni haondoki kwangu na mvua siku ya jina langu. Kaa. Casilda, mmiminie tena."

Nikaelewa. Mvua ile ile inayonizamisha ndiyo inayomzuia mgeni asiondoke. Kadiri inavyonyesha ndivyo atakavyokaa, na kadiri atakavyokaa ndivyo kifuniko kitakavyobaki kimefungwa. Mtu mmoja tu juu ya ardhi alikuwa anajua niko wapi, na mtu huyo alikuwa anamimina divai.

Basi nikapiga kelele. Nilimwita Casilda kwa jina, nikaita mama, nikaita mtu yeyote. Vyumba vya Evelio na viende zake. Maji yalikuwa yananguruma kunishinda, na sauti yangu ilizunguka kwenye yale matao ikanirudia mwenyewe. Niliita mpaka koo likawaka. Maji yakafika mapajani.

Babu yangu, baba mzaa mama, aliwahi kufukiwa mgodini na wenzake. Alikuwa hapendi kulizungumzia, ila alipokuwa amelewa alitufundisha sisi wajukuu kitu kimoja. "Usipige kelele," alikuwa anasema. "Sauti ni yako na itakuishia. Tafuta chuma, gonga. Gonga tatu, pumzika, gonga tatu. Jiwe linaloanguka halihesabu, maji hayahesabu. Anayekutafuta akisikia hesabu atajua ni mtu." Tulikuwa tunamcheka, mzee na hesabu zake.

Nikapapasa chini ya maji, nikapata kipande cha tofali. Nikalikumbatia lile bomba kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikagonga. Tatu. Nikapumzika. Tatu. Chuma kilipiga kelele mpaka kwenye meno yangu.

Juu, mazungumzo yakakatika. Mvua ilikuwa imepunguza pumzi kidogo, nikasikia vizuri.

"Kitu gani kinagonga?" aliuliza Bwana Amancio.

Nikabana pumzi. Sasa, nikasema. Sasa, Casilda. Sema neno moja.

Akalisema. "Mabomba," alisema Casilda. "Yakipata mvua hulia hivyo."

"Nyumba ya kale, Bwana Amancio," mama yake akaongeza. "Ina malalamiko mengi kuliko mke wa pili."

"Hata kwangu yanalia," mgeni akajibu, wakacheka.

Mabomba. Ndugu zangu, nimetukanwa maishani, nimeachwa na mwanaume stendi ya basi, nimezika baba. Sijawahi kusikia neno lililoniingia kama lile. Alikuwa anajua. Nilimwonyesha lile bomba kwa kidole, akaniambia kwa kinywa chake maji yanakwenda wapi. Alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye kizulia, anaiona mvua, anaisikia hesabu, na amesema mimi ni mabomba.

Nilikasirika kwa muda mfupi sana. Hasira inataka nguvu, na nguvu zangu zote zilikuwa zimekwenda kwenye woga. Nikagonga tena. Maji yalipofika kifuani yakafunika mdomo wa bomba, na sauti za juu zikazimika ghafla. Sasa sikusikia tena kama wanazungumza, kama wamehama, kama wamesahau. Palibaki maji na mimi. Chini ya tao kulikuwa na kifusi, nikakipanda, kikamomonyoka, nikaenda chini mzima mzima. Nilimeza maji. Yalikuwa na ile ladha ya udongo. Nilirudi juu nikiwa nimeng'ang'ania bomba kwa miguu na mikono, nikakohoa, nikatafuta tofali langu mkononi, na kwa bahati ya Mungu lilikuwepo. Tatu. Kupumzika. Tatu. Vidole vilikuwa havina hisia tena, sikujua kama ninagonga kwa tofali au kwa mifupa. Nilikuwa naahidi mambo ya ajabu. Niliahidi kurudi kanisani. Niliahidi kutomcheka mzee yeyote tena. Maji yalikuwa yamefika kidevuni, nami nilikuwa nimeinua uso kama mtu anayekunywa kwenye mtungi bila kuubusu.

Ndipo nikasikia magurudumu.

Yaliyotokea juu nilisimuliwa na Evelio, na mtu yule akisema kitu ni kwamba kimeshindikana kunyamaziwa. Bi Sagrario alikuwa ameshika kisu cha keki. Alikata kipande, akakiweka kwenye sahani, akabaki anasikiliza. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Evelio, mabomba hayajui kuhesabu." Akaenda chumbani kwetu. Akakuta kitanda kitupu, simu yangu juu ya mto, kandambili hazipo. Aliporudi hakupiga kelele. Alimwangalia bintiye tu, akamuuliza, "Yuko wapi?"

Casilda akageuza shingo. Aliangalia mlango wa chumba cha kufulia.

Evelio mwenyewe aliniambia, huku anaangalia sakafu, kwamba alisimama mlangoni. Hakujua kama kuna mtu anakufa, alisema; alichojua ni kwamba Bwana Amancio yuko nyuma yake. Alimwambia mkewe, "Sagrario, fikiri kwanza." Naye akamwambia, "Nimeshafikiri, toka." Akampita, akaisukuma ile mashine kwa kifua chake na gauni lake la sikukuu.

Mwanga ulipoingia uliniumiza macho. Niliona uso wa Bi Sagrario, na pembeni yake uso wa mzee mwenye miwani nisiyemjua, amelala kifudifudi na suti yake, amenyoosha mkono. Evelio akaruka ndani na viatu. Walinitoa kama mzigo. Nilikuwa bado nimeshika tofali, na ilibidi Bi Sagrario anifumbue vidole kimoja kimoja.

Akanivua nguo palepale, akanizungushia kitambaa cha meza cha sherehe, chenye madoa ya divai, akanikumbatia kwenye kifua chake na kunitikisa kama mtoto mchanga. "Mwanangu. Mwanangu. Nimekuita mabomba, mwanangu." Alikuwa analia mpaka kamasi. Yeye hakuwa ameniita mabomba, yeye aliongezea utani tu, lakini meno yangu yalikuwa yanagongana nikashindwa kumwambia.

Bwana Amancio alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo na simu yake, anamulika chini. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akasimama, akafuta magoti, na akasema bila kumtazama mtu, "Matao mazuri sana haya." Evelio alikuwa amekaa sakafuni, analowa maji, mikono mapajani.

"Kesho asubuhi itabidi nije na watu wangu, Evelio," akasema Bwana Amancio. "Unajua hivyo."

Bi Sagrario ndiye aliyejibu, kidevu chake kikiwa juu ya kichwa changu. "Na waje. Mlango ni huo."

Casilda alikuwa amesimama uani, kwenye mvua, chini ya turubai lililochanika. Aliponiona namwangalia alisogea hatua moja, akasimama.

"Nilidhani ataondoka," akasema. "Kila dakika nilikuwa nadhani sasa ataondoka."

Nilitaka kumuuliza kama hakuiona mvua. Nilitaka kumuuliza mengi. Nilichokuwa nacho ni kikohozi. Mama yake hakumwita aingie ndani wala hakumfukuza. Alikaa vile vile mpaka mvua ikaisha, na hakuna aliyemwendea.

Niliondoka kesho yake kwa basi la asubuhi. Kwenye kona nikapishana na gari la watu wa Mambo ya Kale, lina kamba na brashi zake. Bi Sagrario alinitilia kwenye begi kware, mkate na mtungi mdogo wa udongo uliojaa maji ya Bikira. Mtungi ninao hadi leo, juu ya kabati. Maji niliyamwaga stendi, nyuma ya choo, bila mtu kuniona.

Watu wananiuliza kama nilihama. Ningehamia wapi, masomo yanaanza na vyumba Madrid ni vya kugombania. Tuliendelea kukaa pamoja, mimi na Casilda na msichana wa tatu aliyeongezeka, Nekane, ambaye hakujua lolote. Casilda alikuwa ananipikia. Alikuwa anafua nguo zangu kabla sijaamka. Hakuwa ananitania tena kuhusu makaa ya mawe, na mimi sikumwambia tena mji wao ni kaburi. Tulikuwa watu wawili wenye adabu sana. Oga yangu ilikuwa fupi, mlango wazi. Mvua ikinyesha nilikuwa natoka nje kwenye ngazi na kukaa huko, chini kabisa karibu na barabara.

Mwezi wa kumi na moja, alasiri moja, mvua ilinikuta ndani na mafua, nimejifunika blanketi mpaka masikioni. Nekane alikuwa mezani anasoma. Casilda alikuwa ametoka bila ufunguo, na kengele yetu ilikuwa mbovu.

Mlango ukagongwa.

"Nani huyo anagonga?" Nekane akauliza bila kuinua kichwa kutoka kitabuni.

Ukagongwa tena, na sauti ya Casilda ikaja, ya kutetemeka kwa baridi. "Olaya, nifungulie. Nimelowa."

"Mabomba," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya kawaida, ya kusikika. Nekane akacheka kidogo, akidhani ni utani wetu. Casilda hakugonga tena, hakuita tena, na sikusikia miguu ikiondoka. Nilikaa nikiisikiliza mvua dirishani, na kila nilivyokaa ndivyo ule msokoto ulivyonirudia tumboni, mpaka sikujua tena ni nani kati yetu aliye ndani na nani aliye nje. Nikatupa blanketi. Nilienda pekupeku, nikahangaika na kitasa, nikafungua.

Alikuwa amesimama karibu kabisa na mlango, maji yanamtiririka kwenye nywele, kiganja kimeinuliwa lakini hakigongi. Alikuwa amelisikia lile neno. Tulitazamana. Kisha akavua viatu vyake vilivyolowa, akavishika mkononi, akapita kando yangu kuingia ndani, na mimi nikamletea taulo.